Bunduki, Darubini na Msitu wa Sokoke

Kuna elimu ambayo mtu huifuata mbali, akavuka bahari na kupanda milima ili aipate, na kuna elimu nyingine ambayo humjia mlangoni pake ikiimba. Elimu ya ndege ni ya namna hii ya pili. Mkulima wa nchi ya Kilifi, katika pwani ya Kenya, huamshwa nayo kabla jua halijachomoza. Huisikia juu ya mwembe, huiona shambani, na jioni huiacha ikienda kulala katika mikoko. Lakini kitu kilicho karibu sana na jicho mara nyingi hakionekani. Miaka mingi ilipita kabla watu wa nchi hiyo hawajaambiwa kwamba ndege waliokuwa wakipita juu ya vichwa vyao walikuwa wakitafutwa na wataalamu wa dunia nzima, na miaka mingine mingi ikapita kabla utaalamu huo haujawaletea wenyeji faida yo yote.

Nia ya insha hii ni kueleza jinsi shughuli ya kutazama ndege ilivyoanza na kukua katika nchi hiyo, toka hori la Mida mpaka ng'ambo ya Mto Sabaki. Tutaona jinsi shughuli hiyo ilivyobadili vyombo vyake, ikaacha bunduki na kushika darubini, na jinsi ilivyobadili watu wake. Tutaona pia kwamba swali kubwa la historia hii linawahusu binadamu kuliko ndege wenyewe, nalo ni hili: msitu ukihifadhiwa, unahifadhiwa kwa ajili ya nani?

Zamani, kabla kitabu cho chote cha ndege hakijaandikwa, watu wa pwani waliwajua ndege kwa haja. Mwenye shamba la mtama au mpunga alimjua mnana na kwera kwa sababu walikuwa wezi wake. Watoto waliketi juu ya dungu toka alfajiri hata jioni, wakipiga kelele na kuvurumisha mawe kwa kombeo, na kila mmoja aliweza kupambanua kundi la ndege waharibifu na kundi la wapita njia. Mvuvi aliwajua yangeyange na vitwitwi, kwa maana hao walimwonyesha mahali maji yalipokuwa yakipwa na samaki wadogo walipokusanyika. Mtega mitego aliyajua mapito ya kanga na kororo. Mrina asali alimfuata ndege aongozaye watu kwenye mizinga ya nyuki, na baada ya kurina alimwachia fungu lake la masega, kama mtu alipavyo ujira mwenzake wa kazi.

Walikuwako pia ndege waliojulikana kwa hofu. Bundi aliposikika usiku karibu na nyumba yenye mgonjwa, watu walinyamaza. Walisema kwamba sauti ile ilikuwa ikipiga mbiu ya mauti, na wengine walitoka nje kumfukuza kwa vijinga vya moto. Itikadi hiyo haijaisha hata leo. Naitaja hapa kwa sababu bundi mmoja mdogo atakuja kuwa na sehemu yake katika habari hii, na sehemu hiyo ni kinyume kabisa cha ile aliyopewa na wazee.

Maarifa hayo ya wenyeji yalikuwa mengi, lakini hayakuandikwa. Yalitoka kinywani yakaingia sikioni, na mzee alipokufa sehemu yake ilizikwa pamoja naye. Kwa hiyo, wageni wenye kalamu walipofika, walidhani kwamba wamefika mahali pasipojulikana.

Miongoni mwa wageni wa kwanza wa namna hiyo alikuwa Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani aliyesafiri katika pwani yetu katika miaka ya 1870. Yumo katika msitu wa pwani kulukulu mmoja, ndege wa rangi ya kijani ambaye akiruka mabawa yake huwaka wekundu kama makaa. Mwaka wa 1878 mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Reichenow alimwandika ndege huyo katika elimu na kumpa jina la Fischer. Ndege aliyeimba katika miti yetu karne nyingi alipata jina la mtu aliyekuwa na miaka michache tu katika nchi hii.

Msomaji asifikiri kwamba watu hao walitazama ndege kama tunavyotazama leo. Chombo chao kilikuwa bunduki. Ndege aliyetakiwa kujulikana kwanza alipigwa risasi. Kisha alichunwa kwa kisu chembamba, ngozi yake ikapakwa dawa ya sumu ili isiliwe na wadudu, ikajazwa pamba, na mguuni pake kikafungwa kikaratasi chenye tarehe, mahali na jina la aliyempiga. Ngozi hizo zilipakiwa katika masanduku zikapelekwa kwenye nyumba za makumbusho za Ulaya. Wakati ule hapakuwa na darubini nyepesi za mkononi zenye nguvu, wala vitabu vyenye picha za kulinganishia, na kanuni ya wataalamu ilikuwa kwamba asiye na ngozi ya ndege hana neno la kuaminiwa. Si haki kuwahukumu kwa desturi za siku zetu. Ngozi walizokusanya zingali zikichunguzwa, nazo hutufundisha mahali ndege alipoishi zamani na alipotoweka. Lakini ni haki kusema kwamba katika vile vikaratasi halikuandikwa jina la mpagazi aliyebeba sanduku, wala la kijana aliyeonyesha njia, wala la mzee aliyesema, "Ndege huyo unayemtaka utampata kule penye mirihi."

Mwaka wa 1909 wapenzi wa elimu ya viumbe waliokuwa katika Kenya na Uganda waliunda chama chao, na chama hicho ndicho kilichoanzisha makumbusho ya kwanza mjini Nairobi. Siku hizi chajulikana kwa jina la Nature Kenya. Miaka minne baadaye, yaani mwaka wa 1913, alitangazwa ndege mpya wa pwani. Alikuwa wa jamaa ya mnana. Dume lake lina kichwa cheusi na mgongo mweusi, na tumbo la manjano kama ndimu iliyoiva. Stephenson Clarke, aliyemwandika, alimpa jina la jamaa yake aliyekuwa askari katika Afrika Mashariki, Goland Clarke. Hata leo ndege huyo huitwa mnana wa Clarke. Namwomba msomaji aukumbuke mwaka huo wa 1913, kwa maana tutaurudia.

Mwaka wa 1921 akaandikwa mwingine, ndege mdogo wa rangi ya kahawia mwenye michirizi kifuani, atembeaye juu ya majani makavu chini ya miti. Aliyemwandika alikuwa van Someren, tabibu wa meno wa Nairobi aliyependa ndege kuliko meno. Huyu hakupewa jina la mtu. Alipewa jina la msitu aliotoka, Sokoke. Hivyo jina la msitu wetu likaingia katika daftari za elimu ya dunia.

Yafaa sasa tuutazame msitu wenyewe. Arabuko-Sokoke ni msitu wenye eneo la kilomita za mraba karibu 420, kati ya Kilifi na Malindi. Ni kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia vya msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao zamani ulienea kama mkanda kando ya bahari. Mgeni apitaye katika barabara kuu ya Mombasa na Malindi huuona kama ukuta mmoja wa majani, lakini ndani yake mna misitu mitatu. Upande wa mashariki mna miti iliyochanganyika, na humo husimama mbambakofi mkubwa ambao mbao zake zilitengeneza milango ya majumba ya pwani. Katikati, juu ya mchanga mweupe, imeota mirihi, miti mirefu iachayo nafasi ya mwanga. Upande wa magharibi, juu ya udongo mwekundu, mna vichaka vya mifunda vilivyosongamana hata mtu hupita kwa shida. Kila sehemu ina ndege wake. Mnana wa Clarke hutafuta wadudu katika vilele vya mirihi, na asiyejua mirihi hatamwona hata akikaa mwaka mzima mahali pengine.

Ubavuni mwa msitu huo yamo magofu ya Gede, mji uliokuwa na misikiti, visima na nyumba za mawe, ukahamwa katika karne ya 17. Watu walipoondoka miti ilirudi, ikapenya katika vyumba na kupasua kuta. James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka wa 1948 alilazimika kuutoa mji ndani ya msitu. Gede hutuonya kwamba mji waweza kufa na msitu ukarudi, kama ukiwapo msitu wa jirani wa kurudisha mbegu na ndege wa kuzibeba. Lakini msitu ukifa wote, hakuna gofu liwezalo kuuzaa tena.

Serikali ya kikoloni iliutangaza Arabuko-Sokoke kuwa msitu wa serikali rasmi mwaka wa 1943. Nia yake kubwa haikuwa ndege. Ilikuwa mbao. Miti mikubwa ilikatwa miaka mingi, na muhuhu, ambao ni mgumu na wenye harufu nzuri, ulikwisha sehemu nyingi kwa sababu ya wachonga vinyago. Wakati huo huo mwenyeji aliyekuwa akiingia kurina asali, kukata fito za nyumba au kutafuta dawa aliambiwa kwamba mahali pale si pake tena. Hapo ndipo palipopandwa mbegu ya uchungu ambao matunda yake tutayaona.

Katika miaka ya 1960 mambo mawili yalibadili shughuli ya ndege. La kwanza lilikuwa kitabu. Mwaka wa 1963 John Williams, aliyekuwa mtunza ndege katika makumbusho ya Nairobi, alitoa kitabu cha kuchukuliwa mkononi chenye picha na maelezo ya ndege wa Afrika Mashariki na ya Kati. Kwa kitabu hicho na darubini, mtu aliweza kumtambua ndege akiwa hai juu ya tawi lake. Bunduki ilianza kutundikwa ukutani.

La pili lilikuwa bundi. Mwaka wa 1965 alipatikana katika msitu huo bundi mdogo asiyejulikana na wataalamu, na mwaka uliofuata Mmarekani aitwaye Dillon Ripley alimwandika. Urefu wake ni kama sentimita 16, yaani aweza kusimama katika kiganja cha mtu mzima. Wengine ni wa kijivu, wengine wa kahawia, wengine wekundu kama udongo wa mahali wakaapo. Hula wadudu. Mchana hulala wawili wawili katika vichaka vya mifunda, ubavu kwa ubavu, wakafanana na majani makavu. Baadaye walipatikana pia katika nchi za chini za milima ya Usambara, Tanzania, na katika Dakatcha, ng'ambo ya Sabaki, lakini makao yao makuu yangali ni Sokoke. Watu wa mbali waliposikia habari hiyo walifunga safari. Walitoka Ulaya na Marekani, wakapanda ndege na magari, wakalala usiku katika mbu, ili wamwone kwa dakika tano ndege ambaye wazee walimfukuza kwa vijinga.

Tujiweke sasa katika nafasi ya mkulima wa kijiji kilichopakana na msitu katika miaka hiyo. Shamba lake lina mihogo, mahindi na mikorosho. Usiku ndovu hutoka msituni wakamlia mahindi. Mchana nyani humlia mihogo. Watoto wake hukosa darasa ili walinde shamba. Akiingia msituni kukata mti mmoja hukamatwa. Na barabarani huona mgeni amesimama, shingo ameinua, akitabasamu kwa sababu ya ndege asiyeweza hata kujaza kijiko cha mchuzi. Mgeni akiisha tazama, huenda zake kwenye hoteli ya ufukoni. Mkulima hubaki na ndovu.

Basi si ajabu kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990, majirani wa msitu walipoulizwa rai yao, wengi walisema kwamba wangependa msitu ufyekwe na ardhi igawiwe watu. Hawakuwa waovu wala wajinga. Walikuwa wamepima faida na hasara katika mizani yao wenyewe, na upande mmoja wa mizani hapakuwa na kitu. Wapenzi wa ndege walipaswa kulikubali neno hilo chungu: walikuwa wameuhesabu kila unyoya katika msitu, wakasahau kuwahesabu watu waliouzunguka.

Mithali ya Kiswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa miaka mingi mgeni alikuwa amekuja na mwenyeji hakupona. Toka hapo ilianza kazi ya kuitimiza mithali hiyo.

Mwaka wa 1993 ulianzishwa huko Gede mradi uitwao Kipepeo. Wakulima wa kandokando ya msitu walifundishwa kufuga viwavi wa vipepeo wa msituni, na mabuu yao yakauzwa ng'ambo kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mkulima aliyefuga vipepeo alihitaji majani ya miti ya msitu, na aliyehitaji majani hakutaka miti ikatwe. Vijana wa vijijini nao walijifunza kazi ya kuongoza watazamaji wa ndege, wakaunda chama chao cha waongozaji. Baadhi yao walikuwa watoto wa watega mitego. Maarifa ya baba ya kujua pito la kororo na mlio wa kila ndege yalipata kazi mpya, isiyohitaji tena kisu wala tanzi.

Kazi ya mwongozaji huyo si nyepesi. Alfajiri huingia msituni akisikiliza, kwa maana ndege tisa katika kumi hujulikana kwanza kwa sikio. Lazima ajue majina ya ndege katika lugha yake, katika Kiingereza, na mara nyingi katika Kilatini. Lazima ajue kwamba chozi fulani mdogo, aitwaye kwa jina la Amani ya Usambara, hupatikana katika vilele vya mirihi, na kwamba mkesha mmoja wenye madoa kifuani hufika kutoka kusini wakati wa baridi na kuokota wadudu chini ya majani. Na akitaka kuwaonyesha wageni bundi wa Sokoke mchana, hujipenyeza peke yake katika vichaka vya mifunda, hukagua tawi baada ya tawi, kisha hurudi kimya na kuwaashiria kwa kidole. Ujira wa siku hiyo hununua unga na daftari. Bundi aliyekuwa mbiu ya mauti amekuwa mlipaji wa karo.

Neno hilo la karo silisemi kwa mfano tu. Mwaka wa 2001 shirika la A Rocha Kenya, lenye makao yake Watamu, lilianzisha mpango wa kuwasaidia kwa karo wanafunzi wa sekondari wanaotoka katika nyumba zinazopakana na msitu na hori la Mida. Sehemu ya fedha hizo hutoka kwa wageni. Katika hori hilo, ambalo ni mkono wa bahari uingiao nchi kavu, limejengwa daraja jembamba la mbao lipitalo juu ya matope kati ya mikoko, na mwisho wake pana kibanda cha kujificha. Mgeni hulipa, hupita, huketi na kutazama. Malipo yake husaidia kumweka kijana darasani.

Na atazamacho hapo ni kitu cha kustaajabisha. Kuanzia mwisho wa Agosti vitwitwi na jamaa zao hufika kwa maelfu kutoka kaskazini, wengine kutoka nchi za barafu za Siberia. Miongoni mwa wafikao yumo mla kaa, ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene kama koleo. Huyu hazai kwetu. Huzaa katika fuko za Bahari ya Shamu na Ghuba, katika nchi kama Oman, na tena kwa njia ya peke yake: huchimba shimo mchangani kama panya, akataga humo yai moja jeupe. Kisha huja kwetu kula kaa, na ifikapo Aprili wengi wao wamekwisha kurudi. Babu zetu waliyaona majahazi ya Arabuni yakija na kaskazi na kurudi na kusi, yakiwa na tende na mazulia, na kuondoka na boriti za mikoko. Majahazi hayo yamekwisha, lakini abiria hawa wenye mabawa wangali wakishika safari ileile ya kale. Mikoko ya Mida ikikatwa, watakosekana katika fuko za Oman pia. Hivyo ulinzi wa hori moja dogo la Kilifi ni amana ya mataifa mengi.

Turudi sasa kwenye mwaka wa 1913 na mnana wa Clarke. Ndege huyu hapatikani mahali pengine po pote duniani ila katika Kilifi, yaani Arabuko-Sokoke na misitu ya Dakatcha, kaskazini ya Mto Sabaki. Wataalamu walijua chakula chake, mlio wake na miti aipendayo. Jambo moja tu hawakulijua: kiota chake kiko wapi? Kila mwaka ndege hao walionekana msituni kwa majira, kisha wakatoweka. Watu walitafuta juu ya mirihi, wakatafuta katika vichaka, wasione kitu. Wanana wengine husuka viota vyao hadharani, juu ya minazi na kando ya barabara, na kelele zao huudhi mji mzima. Huyu mmoja aliificha siri yake kizazi baada ya kizazi.

Dakatcha haikuwa msitu wa serikali. Ilikuwa na ni nchi ya wakulima na wachoma makaa. Karibu na mwaka wa 2010 palikuwa na shauri la kufyeka sehemu kubwa ya nchi hiyo ili ipandwe mibono kaburi, ambayo mbegu zake hutoa mafuta ya kuendeshea mitambo. Wenyeji walitofautiana. Wengine walitazamia kazi na mishahara, na wengine walihofia kupoteza mashamba, makaburi ya wazee na miti. Baada ya mabishano marefu, mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira ilikataa ombi hilo mwaka wa 2012.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2013, miaka mia moja kamili baada ya mnana yule kutangazwa, watazamaji wa ndege wa Nature Kenya pamoja na wenyeji wa kikundi cha hifadhi cha Dakatcha walifika kwenye kinamasi cha msimu kilichojaa maji ya mvua. Hapo, katika ndago na nyasi za majini, waliwaona wanana wa Clarke wakisuka viota. Siri ilikuwa imekaa majini, wakati wataalamu wote walikuwa wakitazama juu ya miti. Hakuna aliyepiga bunduki. Waliandika, wakapiga picha, wakawaacha ndege na kazi yao. Fikirini, vijana, kama shauri la mwaka uliotangulia lingekubaliwa, na kama nchi ile ingelimwa, yamkini tungekuwa tumeifunga nyumba ya ndege huyo kabla hatujaujua mlango wake.

Hapo historia hii yaonyesha tofauti kati ya mwanzo wake na mwendo wake wa leo. Mwaka wa 1913 jina la ndege lilitolewa mbali, na mwenyeji hakutajwa. Mwaka wa 2013 kiota kilivumbuliwa na mwenyeji akiwamo, akisimama katika maji ya nchi yake. Lakini msomaji asidhani kwamba habari imekwisha kwa furaha. Makaa yangali yakichomwa katika Dakatcha kwa sababu miji inayahitaji na mchomaji anahitaji chakula. Miti bado huibwa Arabuko-Sokoke usiku. Wageni huja mwaka mmoja na kukosekana mwaka mwingine, kwa ugonjwa, vita au uvumi, na siku wakosekanapo mwongozaji hushinda nyumbani mikono mitupu. Msitu ambao thamani yake hutegemea mkoba wa mgeni peke yake haujapata bado mlinzi wa kutosha. Mlinzi wa kutosha ni mwenyeji aupendaye hata wakati hakuna malipo.

Mapenzi hayo hayaagizwi kwa sheria. Hutoka katika kujua, na kujua huanza kwa kutazama. Kijana asiye na darubini anayo macho mawili na masikio mawili, na hayo ndiyo yaliyomtosha mtega mitego wa zamani. Achague mahali pamoja: mti wa shule, kisima, ufuko, au mpaka wa shamba. Aende hapo asubuhi moja kila juma. Aandike katika daftari tarehe, saa, hali ya hewa, ndege aliowaona na idadi yao, na jina waitwalo na bibi yake. Asiandike asichokiona. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na kitabu ambacho hakuna mtaalamu wa Ulaya awezaye kukiandika, kwa sababu mtaalamu huyo hakulala hapo.

Na akiwauliza wazee majina ya ndege, asikawie. Ngozi zilizochunwa katika siku za Fischer bado zipo katika masanduku ya makumbusho, kavu na salama. Majina ambayo wazee wetu waliwaita ndege hao hayana sanduku la kuyahifadhi. Yamo vinywani mwa watu wachache wenye mvi, nao kila mwaka hupungua.